Picha ya muuzaji haitoshi

Makala iliyodai kwamba kingamwili ya kampuni inayoaminika haihitaji kupimwa upya maabarani, maadamu karatasi yake ya maelezo ina picha safi, inatoa ushauri wa hatari.

Chukua CRX, protini inayoongoza jeni za vipokea-mwanga vya retina, yaani seli fimbo na seli koni, iliyoelezwa mwaka 1997. Ina ndugu wa karibu, OTX2, na sehemu zao zinazoshika DNA zinafanana mno. OTX2 pia imo katika tabaka la seli zenye rangi nyuma ya retina. Kingamwili iliyolenga sehemu hiyo ya pamoja inaweza kushika zote mbili, na mtafiti akatangaza vipokea-mwanga mahali pasipo na hata kimoja.

Mwandishi wa makala hiyo anategemea picha ya mstari mmoja kwenye bloti ya Western, kipimo kinachotenganisha protini kwa uzito. Lakini protini hizi zote zina uzito wa takriban kilodaltoni 32! Mstari huo hauwezi kuzitenganisha.

Njia ya kuhakiki ipo. Zalisha CRX na OTX2 katika seli tofauti, uone kingamwili inashika ipi. Pia, ijaribu kwa panya walioharibiwa jeni ya Crx, ambao walielezwa tangu 1999. Kingamwili ikiendelea kung'aa kwenye retina zao, lazima ijulikane inashika nini.

Ni kweli, vipimo hivi vina gharama. Hata hivyo, CRX hutumika kuthibitisha vipokea-mwanga vinavyooteshwa kutokana na seli shina, kwa matumaini ya kutibu upofu. Wagonjwa wanaosubiri tiba hiyo wanastahili ushahidi uliohakikiwa.