Trauti Mjanja na Dhamiri ya Mvuvi

Je, ni halali kumvua samaki kwa ajili ya mchezo tu, kisha kumrudisha majini? Swali hili linamhusu hasa trauti, samaki wa maji baridi ambaye hata Kenya yupo: mwaka 1905 Ewart Grogan alimpandikiza katika Mto Gura, Nyandarua.

Uvuvi wake ulipata sifa kubwa kusini mwa Uingereza, katika mito ya chemchemi kama Test na Itchen. Huko mvua hupenya katika miamba ya chaki, kisha maji hububujika yakiwa baridi na maangavu, hata kila jiwe huonekana. Trauti naye huona. Hukaa ameelekea maji yanakotoka, akingoja vidudu vinavyoletwa na mkondo. Kwa hiyo mvuvi humwendea kwa nyuma, ameinama, akitazama kwanza samaki anakula kidudu gani. Ndipo hurusha nzi bandia, aliyetengenezwa kwa manyoya na uzi juu ya ndoana. Mshipi ukimkokota nzi huyo kidogo tu, samaki humkataa.

Frederic Halford alishikilia kwamba nzi aelee juu ya maji, G.E.M. Skues, katika kitabu chake cha mwaka 1910, alimtetea nzi anayezama. Sisi tunaosoma falsafa tunauheshimu ubishi wa namna hiyo, kwa kuwa ulitokana na kutazama kwa makini.

Lakini ustadi ni jambo moja, uhalali ni jingine. Siku hizi wavuvi wengi humvua trauti, humpiga picha, humwachia. Husema kwamba bila hivyo mto mdogo ungebaki mtupu, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, sheria ya Uswisi inakataza kwenda kuvua kwa nia ya kumwachia samaki, ili kuwakinga wanyama na mateso. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaruhusu kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi, lakini katika namba 2418 inafundisha kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya binadamu.

Maoni yetu ni haya. Anayevua ili ale, avue anachohitaji, amuue samaki upesi, kisha akunje mshipi wake. Akimpata aliye mdogo mno, amwachie akiwa bado majini, kwa mikono iliyolowa. Hapo kuna sababu. Lakini kumtoboa mdomo samaki yuleyule mara kwa mara ili tusifiwe ujanja wetu, tunaona si sawa. Hakuna chakula kinachopatikana wala mto unaookolewa, kwa maana mto ungepona zaidi kama tungebaki nyumbani.

Trauti wa maji maangavu ana haki ya kutuogopa. Anayeshika ndoana na ajiulize kwanza: sababu yangu ni ipi?