Ulizia Spea Kabla ya Kununua Koki

Nyumbani kwako kuna koki ngapi? Ya jikoni, ya bafuni, ya chooni, na ile ya uani ya kujazia ndoo za kufulia. Je, zote zinafunga sawasawa?

Nyumba nyingi zina koki moja iliyokwisha kuzoeleka. Inadondosha, tumeitegea ndoo, maisha yanaendelea. Ndoo ya lita 20 ikijaa mara moja kwa siku, kwa mwezi ni lita 600. Kwa mwaka zinapita lita 7,000, yaani zaidi ya uniti saba. Aliyetega ndoo amefanya vyema, lakini usiku ikijaa, nani ataamka kuibadilisha?

Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni mdogo. Koki ile ya kuzungusha mara kadhaa ina wosha ndani, kijipira cha duara kinachokandamizwa pale maji yanapopita. Kikichakaa, maji yanapenya. Nasi tunafanya nini? Tunakaza kwa nguvu zaidi! Kadiri tunavyokaza ndivyo tunavyokimaliza.

Kumbe dawa ni kubadilisha kijipira hicho, si koki nzima. Funga valvu ya mita au ya tangi, fungua koki maji yaishe, legeza nati kwa spana, toa wosha ya zamani uende nayo dukani. Usiende na maelezo ya mdomo tu. Na kabla ya kuweka mpya, pitisha kidole pale inapokaa. Pakiwa pamekwaruzika, wosha mpya haitadumu, hapo mwite fundi.

Koki za kisasa, zile za kugeuza robo mzunguko au za mkono mmoja, ni habari nyingine. Nyingi zina katriji yenye visahani vya kauri vinavyosuguana. Ni laini kutumia, ila mchanga ni adui yao, na katriji zina saizi nyingi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwulize mwenye duka: spea yake mnayo? Nitaipata wapi ikifa? Koki yenye mng'ao isiyo na spea utaitupa yote kwa sababu ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba.

Ipime pia mkononi. Ya shaba ya njano huwa nzito. Chungulia ndani kwenye nyuzi, rangi ya njano huonekana. Ile nyepesi iliyopakwa mng'ao tu, nati yake inaweza kupasuka ikikazwa. Sisemi koki ya plastiki haina kazi. Uani, ambako koki za shaba huibwa zikauzwe kama vyuma chakavu, au penye maji ya kisima yenye chumvi, mimi mwenyewe ningefunga ya plastiki bila aibu. Kinachotakiwa ni kujua unanunua nini na kwa mahali gani. Kwa Tanzania, tazama pia alama ya ubora ya TBS. Kwa Kenya, ya KEBS.

Maji yakikatika kisha yakarudi, huja na tope na kutu. Je, unafungua koki gani kwanza? Fungua ya uani, uache uchafu utoke huko, ndipo ufungue za ndani. Katriji zako zitakushukuru.

Mafundi wetu, mna heshima kubwa majumbani mwetu. Mwonyesheni mteja spea mliyoitoa, ajue kilichokufa. Wenye maduka, wekeni wosha na katriji jirani na koki mnazouza. Mpangaji na mwenye nyumba, kubalianeni mapema nani ananunua wosha, maana bei yake haifai kugombanisha watu wa ua mmoja.

Na kazini je? Koki za shuleni, ofisini na za kutawadhia msikitini hufunguliwa na watu wengi kutwa nzima, na kila mmoja hudhani mwenzake ameshatoa taarifa. Toa wewe.

Jumamosi hii, kabla ya kutoka, pitia kila koki ya nyumbani na watoto wakiwa nawe. Inayodondosha, funga valvu kwanza, ifungue, toa wosha au katriji yake, itie mfukoni, uende nayo dukani.