Usukani Kwanza, Mapambo Baadaye

Siku hizi jamaa nyingi zina motokari yao. Ni jambo la kufurahia. Baba aliyezoea kupanda kamyo, akikaa juu ya mifuko ya unga, sasa anampeleka bibi na watoto Kasaji kusalimia wazee kwa motokari aliyoinunua kwa jasho lake. Lakini tukitazama namna motokari hizo zinavyotunzwa, tunaona jambo moja lisilofaa, na leo tunataka kulisema wazi. Pesa ya kwanza inaenda kwa vitu vinavyoonekana, na usukani unangoja mpaka mwisho.

Mtu ananunua mipira mipana, anaweka vyuma vya kuinua motokari juu, anafunga taa za rangi na radio kubwa, tena anamwomba fundi aongeze nguvu ya injini. Wakati huohuo, chini ya motokari, rotuli zinalia kama mlango wenye kutu. Rotuli ni zile tufe ndogo za chuma zinazounga fimbo za usukani na magurudumu. Hakuna jirani anayeziona, wala hakuna anayezisifu. Lakini ndizo zinazoshika uhai wa watu wote waliokaa ndani.

Kazini sheria moja, nyumbani nyingine?

Kila mmoja wetu anajua desturi ya kazini. Kabla ya zamu, dereva anaizunguka mashine yake, anatazama freni, usukani, mipira, taa na honi. Akiona kasoro katika usukani, anarudisha ufunguo na mashine inapelekwa garaji. Hakuna shefu mwenye akili atakayemwambia: «Tembea nayo hivyo mpaka mwisho wa juma.» Na dereva mwenyewe hatakubali.

Basi, zamu inakwisha. Mtu yuleyule anavua kofia ya chuma, anaingia katika motokari yake ambayo usukani wake unacheza kama mpini wa jembe bovu, anapakia bibi, watoto, mama mkwe na mifuko mitatu ya muhogo, na anaondoka. Je, hatari imebaki mlangoni pa kompani? Mfupa wa mtoto si mgumu kuliko mfupa wa baba yake. Ikiwa tunakataa kasoro pale tunapolipwa, kwa nini tunaikubali pale tunapobeba wale tunaowafanyia kazi?

Barabara haina huruma

Kutoka Kolwezi hadi Kasaji, kwa kupitia Mutshatsha, ni zaidi ya kilometa 200. Reli iko, nayo iliunga nchi yetu ya shaba na Dilolo na bahari ya Angola mwaka 1931. Lakini mgonjwa na matanga hayangoji treni. Watu wanatembea kwa barabara, na barabara inawatoza ushuru wake.

Ushuru huo unalipwa na rotuli. Kila rotuli inazunguka ndani ya kikombe chenye grisi, na juu yake kuna kifuko cha mpira. Kifuko kikipasuka, vumbi jekundu la wakati wa kiangazi linaingia na kuchanganyika na grisi. Tangu hapo si grisi tena, ni msasa. Mvua zikianza, maji na matope yanaingia pia, na chuma kinaliwa upesi. Kila shimo la barabara linapiga nyundo mahali palepale. Mwishowe tufe inatoka katika kikombe. Gurudumu moja linakwenda njia yake, na usukani unazunguka mkononi mwa dereva bila kuongoza kitu.

Wengine wanasema: «Mimi ni dereva wa miaka 20, naijua motokari yangu.» Twawaheshimu. Lakini ustadi wa dereva unapita katika fimbo za usukani ili ufike barabarani. Fimbo ikikatika, dereva wa miaka 20 na dereva wa jana ni sawa.

Alama ambazo kila mtu anaweza kuona

Si lazima uwe fundi ili kujua kwamba usukani unaumwa. Hizi ni alama za kutazama, na hata mama au kijana wa nyumba anaweza kusaidia:

1. Simamisha motokari, magurudumu yatazame mbele, washa injini. Zungusha usukani polepole. Ukizunguka zaidi ya upana wa vidole viwili kabla magurudumu kuanza kufuata, peleka garaji.

2. Mtu mmoja atikise usukani kuume na kushoto, mwingine asikilize karibu na magurudumu ya mbele. Mlio wa kugongana ni mlio wa rotuli au wa vyuma vilivyolegea.

3. Inua gurudumu la mbele kwa jeki na uweke gogo nene au kiti cha chuma chini ya motokari. Shika gurudumu kwa mikono miwili, kuume na kushoto, ulitikise. Kisha ulishike juu na chini, ulitikise tena. Likicheza, kuna kitu kimelika. Usiingize kichwa wala mguu chini ya motokari inayoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinua, si ya kuaminiwa.

4. Tazama vifuko vya mpira. Kilichopasuka kibadilishwe mapema, maana bei yake ni ndogo kuliko ya rotuli.

5. Tazama mipira ya mbele. Ikilika upande mmoja tu, magurudumu hayatazami njia moja.

6. Kama usukani unasaidiwa na mafuta, tazama kipimo chake kila juma. Mafuta yakipungua, au pampu ikilia unapokata kona, kuna mahali yanapovuja.

Alama moja peke yake inatosha kuahirisha safari. Wazee wa Kasaji watangoja, wamezoea kungoja.

Kulehemu si kutengeneza

Hapa ndipo tunapogombana na mafundi fulani wa mitaani. Wengi wao ni watu wa akili na mikono mizuri, nasi twawashukuru. Lakini kuna kazi ambazo hazifai kukubaliwa hata kwa bei ya bure.

Fimbo ya usukani iliyopinda au kupasuka hailehemuwi. Moto wa kulehemu unabadilisha tabia ya chuma, na karibu na kovu kinaweza kuvunjika ghafula bila kutoa alama. Ninyi watu wa mgodi mnajua vizuri: ndoano ya kreni ikipasuka haichomwi moto, inatupwa. Basi fimbo inayoongoza watoto wenu ni kitu kidogo kuliko ndoano ya kreni?

Tena kuna pini ndogo inayozuia nati ya rotuli isifunguke njiani. Pini hiyo inatumika mara moja tu. Ukitoa ya zamani, weka mpya. Tumeona msumari mahali pa pini, tumeona na waya wa uzio. Msumari haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Utachoka, utaanguka, na nati itaufuata.

Usinunue rotuli iliyotoka katika motokari iliyovunjwa, hata ikisafishwa na kupakwa rangi. Rotuli mpya ni ngumu, unaisukuma kwa nguvu ya kidole gumba. Ile inayoanguka yenyewe huku na huku imekwisha. Na baada ya kubadilisha fimbo au rotuli, fundi sharti apime upya namna magurudumu ya mbele yanavyotazama. Asipopima, mipira mipya italika upesi na motokari itavuta upande.

Usukani wa kuume katika nchi ya kuume

Motokari nyingi zinatufikia kutoka Japani, zikipita bandari ya Dar es Salaam na nchi ya Zambia mpaka Kasumbalesa. Huko kote watu wanapita upande wa kushoto, na usukani umewekwa kuume. Sisi Wakongo, kama jirani zetu wa Angola, tunapita upande wa kuume. Hapo dereva anakaa karibu na majani. Akitaka kupita kamyo, haoni yanayokuja mpaka nusu ya motokari imekwisha kutoka. Basi anamwuliza bibi yake: «Njia iko wazi?» Mama aliyeshika mtoto mapajani anafanywa dereva bila kutaka.

Kwa sababu hiyo wengine wanaomba usukani uhamishwe kushoto. Twasema hivi: kazi hiyo yaweza kufanywa vizuri, lakini si kazi ya alasiri moja. Inataka sanduku la usukani lililotengenezwa kwa upande wa kushoto, la aina ileile ya motokari. Inataka mti wa usukani ulio mzima, na pedali na pampu ya freni zilizohamishwa kwa vipimo. Fundi anayekata mti wa usukani na kuuunga kwa moto, au anayevusha nguvu kwa mnyororo toka upande mmoja hadi mwingine, hakuhamisha usukani. Amekuuzia ajali ambayo siku yake haijafika.

Zaidi ya hayo, watu wanasahau taa na milango. Taa za motokari hizo, hata zikishushwa, zinatupa mwanga wake mrefu upande wa kushoto. Kwetu mwanga huo unaingia machoni mwa dereva anayekuja mbele yako. Na katika basi nyingi ndogo mlango wa kusukuma uko kushoto, ndiyo kusema watoto wanashukia katikati ya barabara. Uswidi ilipohamia upande wa kuume, tarehe 3 Septemba 1967, ilibidi kubadilisha taa za motokari na milango ya basi. Kule walijua kwamba jambo hilo si la usukani peke yake. Kama huna pesa za kubadilisha yote, endesha polepole, usipite kamyo usipoona, na ushushe watoto upande wa majani tu.

Nguvu mpya, chuma cha zamani

Sasa tuseme juu ya mipira mikubwa na injini iliyoongezwa nguvu. Gurudumu kubwa ni zito zaidi. Linavuta fimbo na rotuli kwa nguvu isiyowahesabiwa, linaweza kugusa bati unapokata kona, tena freni inapata taabu kulisimamisha. Na kipimo cha mwendo kinadanganya: kama mpira una upana wa kimo zaidi kwa sehemu 10 katika 100, kipimo kikionyesha kilometa 80 kwa saa, kwa kweli unakwenda 88. Kuinua motokari kwa vyuma kunapindisha pembe za rotuli, na mzigo wa juu unaipindua kwa urahisi.

Juu ya mwendo, hesabu ni fupi. Kwa kilometa 60 kwa saa unapita karibu meta 17 katika sekunde moja. Kwa 80 unapita meta 22. Lakini njia ya kusimama kwa freni haiongezeki kidogo hivyo. Toka 60 hadi 80 inakaribia kuwa mara mbili. Ng'ombe au mtoto anayevuka njia karibu na Mutshatsha hajui kwamba umeongeza nguvu ya injini.

Hatusemi kwamba kupendezesha motokari ni dhambi. Mtu apende chombo chake. Twasema tu kuna mpango: kwanza usukani, freni na mipira mizima, pili taa na mikanda, tatu, pesa ikibaki, radio.

Rai yetu

Tunaleta maombi matatu. Kwa viongozi wa kompani: kila garaji ya mgodi ina shimo la kukagulia na watu wanaojua kazi. Fungueni shimo hilo asubuhi moja kwa mwezi, wafanyakazi walete motokari za jamaa zitazamwe upande wa usukani na freni. Si kutengeneza bure, ni kutazama tu na kumwambia mtu ukweli. Mfanyakazi anayevunjika mguu siku ya Mungu hafiki kazini siku ya kwanza; hiyo ni hasara ya kompani pia.

Kwa wafanyakazi: mkiomba avansi ya mshahara, anzeni na kile kilicho chini ya motokari. Bei ya rotuli mbili haifiki bei ya mipira minne mipana.

Kwa wamama: ninyi mnashika hesabu ya nyumba, mnajua faranga ngapi zilikwenda wapi. Kabla ya safari ulizeni: «Usukani umetazamwa na nani, na lini?» Jibu likiwa kicheko, shusheni watoto na mifuko. Baba atakasirika siku moja, na safari itafanyika juma lijalo. Kazini, mtu anayesimamisha mashine yenye kasoro anasifiwa mbele ya wenzake. Nyumbani asifiwe vilevile.

Ziba ufa usije ukajenga ukuta, walisema wazee. Rotuli ni ufa mdogo sana. Itazame kabla hujatoka.