Bendi Ipige Mbele Yetu
Kijana mmoja hapa mjini Baraka, katika eneo la Fizi, Kongo, alinisikilizisha kwenye simu yake Loudness, kundi la metali lililoanzishwa Osaka, Japani, mwaka 1981. Gita lao ni kali kweli, lakini muziki ule haukutungwa kwa kispika cha simu. Ulitungwa kwa ukumbi mdogo uliojaa, shabiki amesimama hatua mbili kutoka jukwaani, besi ikimgonga kifuani, jasho la mpiga ngoma analiona. Sisi Wakongomani twaijua hali hiyo: sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, linapoanza, gita la solo likapanda, hata mzee huacha kiti chake. Mwanamuziki wetu Papa Wemba alilipeleka joto hilo Japani mwaka 1986, na mashabiki wa huko wakacheza. Wala metali si mali ya Wajapani peke yao. Duma, vijana wawili wa Nairobi, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwetu Fizi wapigaji wapo. Nenda kanisani Jumapili usikie kwaya, nyingi zikiwa na watu waliorudi kwa meli kutoka kambi za wakimbizi za Kigoma, Tanzania, na vijana wanaotengeneza gita kwa mbao na nyaya za breki. Wanachokosa ni jukwaa. Wenye baa za kando ya Ziwa Tanganyika, kodini bendi badala ya kuweka nyimbo za flashi kila wikiendi. Anzeni saa nane mchana, jenereta iwe na mafuta ya kutosha, watu wafike nyumbani kabla ya giza. Kiingilio tutalipa.