Mbio za Asubuhi na Sikio Lililo Wazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika familia zetu zilizoko mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuanzia Pumwani na Eastleigh hadi Buruburu, Umoja na Kayole, wanazidi akina mama wanaotoka asubuhi kukimbia au kutembea kwa haraka. Wengine wameagizwa na daktari kwa ajili ya sukari au shinikizo la damu. Wengine wanataka tu kunyoosha maungo. Ni jambo jema, kwani mwili ni amana. Shirika la Afya Duniani humshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 kila wiki, kwa uchache. Na Abu Daud amepokea habari ya Mtume (S.A.W.) kushindana mbio na Bi Aisha (R.A.): mara ya kwanza Bi Aisha alishinda, na mara nyingine akashindwa. Basi mwanamke wa Kiislamu asione haya kukimbia, maadamu stara yake imetimia.

Swali tunaloulizwa ni la muziki. Wapo wasemao kwamba bila nyimbo masikioni miguu haiendi. Hukumu ya muziki wanavyuoni wameieleza kwa urefu, nasi hatutairudia leo. Tunataka kulitazama sikio lenyewe, na kazi yake mtu anapokimbia.

Tumtazame Bi Hajar, katika bonde lisilo na maji, na mwanawe Ismail anateseka kwa kiu. Alikwenda mbio baina ya Safa na Marwa mara saba. Katika riwaya ya Ibn Abbas iliyomo kwa Imam Bukhari, alipofika Marwa mara ya mwisho alisikia sauti. Akajinyamazisha, akatega sikio tena, ndipo akamwona malaika mahali pa Zamzam. Miguu ilijitahidi mara saba, na habari ya maji ikapitia sikioni. Mahujaji wanazifuata nyayo zake hadi leo. Nasi tufuate pia usikivu wake.

Usikivu huo una faida ya karibu sana. Akimbiaye kando ya Barabara ya Jogoo au ya Outer Ring anajua kwamba bodaboda hupanda njia ya waendao kwa miguu, na matatu huegea ghafla kuchukua abiria. Mnyang'anyi wa simu naye humtafuta aliyezama katika nyimbo. Jicho halioni nyuma. Mlinzi wa kisogo ni sikio. Hata wanariadha wetu wanaotuletea sifa hawaruhusiwi kubeba redio wala simu wakiwa mashindanoni, na mbio zao hazipungui.

Wengine husema: basi tutasikiliza Qur'ani. Nia ni njema. Lakini katika Sura Al-A'raf, aya ya 204, tumeamrishwa isomwapo Qur'ani tuisikilize na tunyamaze. Nani atazizingatia aya huku akiruka mtaro na kukwepa mkokoteni? Kisomo kipewe wakati wake nyumbani.

Afanyeje basi? Aanze polepole. Asikilize pumzi yake, kisha nyayo zake, kisha mtaa unavyoamka: ndege mitini, vibanda vikifunguliwa, mafuta ya mandazi yakichemka. Ulimi nao useme Subhanallah, taratibu, kwa kufuata pumzi. Kalima ikimkatikia kinywani, hiyo ni ishara kwamba ameongeza kasi kupita uwezo wake, apunguze.

Mawazo yatakuja, na hapa ndipo wengi hukimbilia nyimbo: ada ya shule, kodi ya nyumba, neno zito alilotamkiwa jana. Muziki huyafukuza mpaka mlangoni tu. Akivua raba, yanamngoja. Ayaache yaje njiani. Moja atalikuta linahitaji dua, jingine linahitaji mazungumzo na mumewe, na la tatu lilikuwa moshi mtupu. Mama mwenye watoto wanne katika vyumba viwili hana saa nyingine ya kujisikia mwenyewe. Tusimshauri aitoe saa hiyo kwa mwimbaji.

Atoke jua likishachomoza, na dada wawili au watatu, kwenye njia yenye watu. Na nyinyi akina baba, mkeo akitoka mwachie nusu saa yake. Usimpigie simu kumuuliza majani ya chai yako wapi.

Mwenyezi Mungu atupe afya ya miili, utulivu wa nyoyo na masikio yanayosikia. Amin.