SADAKA YA YATIMA UMETOA, HESABU YAKE IKO WAPI?



Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye yeye mwenyewe alikulia yatima, na ziwafikie watu wake na Maswahaba zake.

Ndugu yangu, leo nazungumza na wewe mwenye fremu Kariakoo. Wewe wa Mtaa wa Kongo, wewe wa Mkunguni, wewe wa Narung'ombe, na wewe machinga uliyetandika chini kwenye kona ya Msimbazi. Nakufahamu. Tunaswali safu moja.

Mzigo ukifika kutoka Guangzhou hulali. Unakaa na kijana wako mnahesabu pisi kwa pisi. Katoni imeandikwa 144, ikitoka na 140, simu inapigwa China usiku huohuo. Daftari la mali kauli unalo chini ya kaunta, na aliyechukua khanga doti sita mwezi wa Rajabu unamkumbuka mpaka sura. Mei 2023 mlifunga maduka Kariakoo nzima kwa sababu ya mambo ya kodi, mpaka Waziri Mkuu akaja kukaa nanyi Mnazi Mmoja. Kwa hiyo usiniambie hujui hesabu.

Sasa Ijumaa inaingia video kwenye simu yako. Mtoto analia, nyuma kuna kaswida, chini kuna namba ya kutuma. Unatuma 50,000, unaandika "Allahumma taqabbal", umemaliza. Mwaka mmoja baadaye nakuuliza, ile hela ilifanya nini? Unanijibu: "Sheikh, mimi nimetoa kwa nia yangu, wao watajuana na Mola wao."

Jibu hilo linavaa kanzu, lakini ndani ni uvivu.

Nia yako ina malipo yake, hilo silipingi. Lakini haki ya yule mtoto ni jambo jingine, nayo haiishi pale simu inapokuambia muamala umekamilika. Soma Surat An-Nisaa aya ya 6. Mlezi anapomkabidhi yatima mali yake ameamrishwa aweke mashahidi, na huyo ni mlezi anayeishi naye nyumba moja. Itakuwaje kwa ofisi iliyoko nchi nyingine ambayo hujawahi kuiona mlango wake?

Na Mtume wetu (s.a.w.) alifanya nini? Alimtuma mtu wa kabila la Azd, akijulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya, akakusanye zaka za Banu Sulaym. Aliporudi, Mtume alimfanyia hesabu. Yule bwana akaanza kugawa, fungu hili lenu, fungu hili mimi nimezawadiwa. Mtume akamkemea, akamuuliza kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake hiyo zawadi ingemfuata huko. Kisha akapanda mimbari akalisema jambo hilo mbele ya watu wote. Wameipokea Bukhari na Muslim. Aliyekaguliwa ni Sahaba, na aliyekagua ni Mtume. Wewe unaona haya kumkagua nani?

Sijitoi. Miaka kadhaa nyuma nilisimama baada ya swala ya Ijumaa nikawachangisha watu kwa ajili ya makao fulani ya watoto yaliyokuwa yanafadhiliwa kutoka nje. Sitayataja. Niliwasifia mpaka sauti ikakauka, na watu wakatoa kweli. Baadaye mama mmoja anayekaanga mihogo jirani na hapa akaniita pembeni. Akaniambia, "Sheikh, yule mtoto wa kwenye bango ni wangu."

Baba yake alifariki, kwa hiyo kisheria ni yatima, hakuna aliyesema uongo hapo. Lakini mama yupo hai, ana nguvu, anafanya kazi. Alipofiwa alishindwa kodi ya chumba na sare za shule, akaambiwa mlete kwetu atasoma. Akaweka dole gumba kwenye karatasi. Anamuona mwanawe kwa ratiba. Nikaenda kuuliza: mfadhili analeta kiasi gani kwa mtoto mmoja kwa mwezi? Nikajibiwa, "Hayo ni mambo ya ofisi, sheikh." Nilirudi nyumbani nikiwa sina amani, kwa sababu sauti iliyowaleta wale wachangiaji ilikuwa yangu.

Na usidhani ni kisa cha mama mmoja wa Kariakoo. Shirika la Save the Children liliandika katika ripoti yake ya mwaka 2009 kwamba duniani, katika kila watoto watano wanaoishi kwenye makao, wanne angalau wana mzazi mmoja aliye hai. Elewa maana yake kihesabu. Makao yanalipwa kwa kichwa cha mtoto. Mtoto akirudi kwa mama yake, bajeti inapungua. Shirika linaweza kuwa na stakabadhi safi kabisa, na bado likawa limemtoa mtoto kwenye mapaja ya mama kwa gharama kubwa kuliko ile ambayo ingemuweka mama na mwanawe chumba kimoja.

Ndio maana tangazo la "asilimia 100 ya sadaka yako inamfikia yatima" halinivutii. Nani analipa dereva? Nani analipa makato ya kutuma hela, mlezi wa usiku, mkaguzi wa mahesabu? Allah mwenyewe katika Surat At-Tawba aya ya 60 amewawekea fungu wale wanaoifanyia kazi zaka. Na wapo wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi waliosema fungu lao lisivuke thumni, yaani asilimia 12.5, kwa kuwa mafungu ni manane. Gharama ya kazi ipo na imekubaliwa. Anayekwambia haipo ama kuna mtu mwingine anailipa na hakutajii, ama anakufunga kamba. Mimi namuamini zaidi anayeniambia wazi: katika elfu kumi yako, elfu moja na mia mbili imelipa watu, na hawa hapa majina ya kazi zao.

Lakini hata hiyo asilimia haitoshi. Mashirika mawili yanaweza kutumia asilimia ileile ofisini, moja likabadilisha maisha ya mtoto na jingine likamuachia kalamu na fulana.

Nenda Busia, Kenya, mpakani na Uganda. Mwaka 1996 shirika la Kidachi la kusaidia watoto, ICS, liligawa vitabu vya kiada kwenye shule za msingi. Nani angepinga vitabu? Picha nzuri, watoto wanacheka. Lakini wao walikubali wachumi wapime, shule zilizopata vitabu zikalinganishwa na ambazo hazijapata. Kwa wastani, alama hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani, kwani vitabu vilikuwa vya Kiingereza na watoto wengi walikuwa hawavisomi wakaelewa. Shirika hilohilo kuanzia 1998 likagawa dawa za minyoo katika shule 75 za huko, gharama ikiwa chini ya dola moja kwa mtoto kwa mwaka. Utoro ukapungua kwa karibu robo. Alama za mtihani hazikupanda hapo pia, na hilo waliliandika bila kulificha. Mmoja wa wachumi hao, Michael Kremer, alikuja kupata Nobeli mwaka 2019. Mimi na wewe tungechangia kipi? Vitabu, bila shaka. Kidonge cha minyoo hakina video ya kuliza watu.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu litawakera. Compassion International ni shirika la Kikristo, linafanya kazi kupitia makanisa, na sikushauri umpeleke mwanao huko. Lakini walifungua milango wapimwe. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda, wa watu zaidi ya 10,000. Waliwalinganisha waliofadhiliwa na ndugu zao wa tumbo moja walioachwa kwa sababu walikuwa wameshapita umri wa kuandikishwa programu ilipoanza. Waliofadhiliwa walisoma zaidi kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Utasema, "Sheikh anawasifia." Ninachosema ni kwamba wana jibu mkononi. Tukiulizwa sisi tuna nini? Tuna picha za sahani za pilau.

Wapo wakubwa pia walioteleza. SOS, lililoanzia Austria mwaka 1949, ambalo lina vijiji vyake vya watoto hapa Tanzania pamoja na Zanzibar, mwaka 2021 lilikiri hadharani kwamba katika baadhi ya nchi lilishindwa kuwalinda watoto liliowachukua, likaomba radhi. Tume huru ikaundwa chini ya Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya, Willy Mutunga, na ripoti ikatoka 2023. Miaka yote ya nyuma wafadhili walikuwa wakipokea kadi na picha kila mwaka.

Na kwetu? Kwetu kuna mfano wa kujivunia, daktari wa Kikuwait Abdulrahman Al-Sumait, Allah amrehemu, aliyeanzisha lile shirika linaloitwa leo Direct Aid. Alikuja mwenyewe Afrika, akakaa vijijini. Chuo chake kiko Chukwani, Unguja, kilianza 1998 na leo ni chuo kikuu chenye jina lake. Unaweza kupanda boti asubuhi ukaenda kukigusa ukuta, ukakutana na mwalimu aliyesomea pale. Hiyo ni hesabu inayosomeka. Lakini usichukue sifa ya maiti mwema ukamfunikia kila anayekuja na jina la Kiarabu kwenye bango.

Basi kuanzia leo, kabla hujatuma, uliza. Hesabu zilizokaguliwa za mwaka jana ziko wapi? Usione unawadhalilisha. Sheria yetu ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 2002, na marekebisho yake ya 2019, inawadai ripoti ya mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa, na iwekwe wazi kwa umma. Kama ni makao, waoneshe leseni, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka. Kisha waulize kuhusu watoto wenyewe. Wa miaka mitano iliyopita wako wapi leo? Wangapi wamemaliza kidato cha nne? Wangapi wamerudishwa kwa mama zao, na mama alisaidiwa kwa kiasi gani? Akikujibu "wewe toa tu, malipo kwa Allah", rudisha simu mfukoni, kisha tembea mtaani kwako umtafute mjane mwenye watoto. Hutamaliza mitaa miwili.

Wale ndugu wenye taasisi najua mnasoma hapa, maana mkiposti bango lenu huwa mnanitag. Nitumieni hesabu badala ya bango. Nitazisoma hapahapa mstari kwa mstari, ya kupongeza nitapongeza, na ya kuuliza nitauliza mbele ya watu. Mimi nitaanza na zile za mfuko wa darsa letu, nitaziweka Alhamisi baada ya Isha.

Yule mama wa mihogo mwanawe yuko naye sasa, alhamdulillah. Watu wanne wa safu ya mbele wanasimamia kodi ya chumba na ada, na daftari analo yeye mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.