Mzee Naye Apimwe Uzito

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, lakini dawa haishibishi.

Huko Bukene, wilayani Nzega, mtoto akifikishwa kliniki hupimwa uzito na kadi yake huandikwa. Bibi aliyembeba (na mara nyingi ndiye anayemlea) si desturi kumpima, hata nguo zikimpwaya. Nyama hawezi kuitafuna, matobolwa yanamshinda, basi huridhika na uji mtupu. Majirani husema ni uzee tu. Si kweli hata kidogo. Uzeeni hamu ya chakula hupungua, bali haja ya mwili ya protini haipungui. Misuli ikisinyaa, mzee huanguka.

Karanga zinalimwa papo hapo Unyamwezini. Zikisagwa na kutiwa katika uji au mlenda hazihitaji meno. Anayekosekana ni wa kufuatilia. Tunaitaka Serikali ya kijiji, kituo cha afya na wahudumu wa afya ya jamii washike daftari moja la wazee wanyonge, liandikwe uzito wa kila mmoja kila mwezi, na walimu wasaidie kulitunza.